Bruda wa Iten

Watoto wa Kapsoya, wakimbiaji mnawaona kila alfajiri kabla basi la shule halijafika. Mmewazoea hivi kwamba hamgeuki tena kuwatazama. Leo nitawasimulia habari za mtu aliyewalea wengi wa mabingwa wetu, ingawa mwenyewe hakuzaliwa huku wala hakuwahi kuwa mkimbiaji.

Ukipanda matatu hapo mjini Eldoret, baada ya kilomita 35 hivi unafika Iten, mji uliokaa ukingoni mwa bonde la Kerio, karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi. Kila pumzi inaleta oksijeni kidogo, kwa hiyo mwili hujiongezea chembe nyekundu za damu ili hicho kidogo kitoshe. Huko ndiko iliko St. Patrick's, shule ya bweni ya wavulana iliyoanzishwa na mabruda wa Patrician.

Mtaniuliza, bruda ni nani? Bruda si padre. Haongozi misa wala haungamishi watu. Ameweka nadhiri za useja, ufukara na utii, na kwa mabruda hawa, ambao shirika lao lilianzishwa Ireland mwaka 1808, kazi kubwa ni kufundisha. Wanaishi nyumba moja, wanasali pamoja asubuhi na jioni, wanakula meza moja, na mshahara wa kila mmoja unaingia katika mfuko wa wote.

Mwaka 1976 alifika kwao kijana kutoka Ireland, Colm O'Connell, kufundisha jografia. Mwaka huohuo Kenya ilisusia Olimpiki ya Montreal pamoja na nchi nyingi za Afrika. Pale shuleni, mazoezi ya riadha yalikuwa mikononi mwa mwalimu Mwingereza, Peter Foster. Kaka yake, Brendan, alikuwa huko Montreal na akarudi na shaba ya mita 10,000. Foster alipoondoka, kazi ikamwangukia Bruda Colm, naye hakujua lolote kuhusu kukimbia.

Sasa sikilizeni alivyofanya. Aliwauliza wanafunzi. Aliwatazama wanavyokimbia, akawasikiliza wakieleza miguu inauma wapi na pumzi inakata lini. Mpaka leo husema kwamba vijana hao ndio waliomfundisha ukocha.

Siku za shule ya bweni mnazijua: kengele, uji, masomo, githeri, masomo tena. Masomo yakiisha, mwalimu wa jografia alishuka uwanjani. Mtu angedhani bingwa hutengenezwa kwa kukimbizwa mpaka aanguke. Kwa Bruda Colm haikuwa hivyo. Vijana walijipanga mstari na kufanya mazoezi ya mwendo, taratibu: goti juu, mkono usivuke kifua, kichwa kitulie, mabega yalegee. Kisha walikimbia polepole kwa kikundi kwenye barabara ya murram, mwenye kasi akimsubiri mwenzake. Kasi ilikuja baadaye, mwili ulipokwisha kujua namna ya kujibeba.

Kisha mwaka 1988, huko Seoul, Peter Rono aliyesoma St. Patrick's akatwaa dhahabu ya Olimpiki katika mita 1,500. Miaka minne baadaye, Barcelona, Matthew Birir, naye mwanafunzi wa shule hiyo, akatwaa ya kuruka viunzi na maji. Wilson Kipketer, kijana mwingine wa St. Patrick's, alivunja rekodi ya dunia ya mita 800 mwaka 1997 akiikimbilia Denmark. Aliyekuja kuivunja rekodi yake ni David Rudisha, naye pia amefundishwa na Bruda Colm. Tarehe 9 Agosti 2012, London, Rudisha aliongoza tangu mwanzo hadi mwisho, akamaliza kwa dakika 1 na sekunde 40.91. Kabla yake hakuna binadamu aliyewahi kukimbia chini ya dakika 1 na sekunde 41.

Wala si wavulana peke yao. Tangu mwaka 1989 Bruda Colm amekuwa akiendesha kambi za vijana wakati wa likizo, na wasichana wakapata nafasi yao.

Shule zetu hupokea wageni wengi. Wengine hukaa wiki mbili, wakapaka darasa rangi, wakagawa vitabu, wakarudi kwao, nasi tunawashukuru. Lakini hesabuni wenyewe: kutoka 1976 hadi dhahabu ile ya Seoul ni miaka 12. Miaka yote hiyo Bruda Colm alifundisha jografia mchana na kushuka uwanjani jioni, bila dhahabu ya Olimpiki ya kuonyesha. Angeondoka mwaka wa pili, nani angemlaumu?

Kwa hiyo, wanangu, mtu akiwaambia kwamba ushindi wa Iten ni hewa tu, mjibuni kwamba hewa ile ilikuwepo tangu enzi za mababu. Kilichoongezeka ni vijana wenye bidii, na mwalimu aliyekubali kufundishwa na wanafunzi wake, kisha akakaa nao.