Riale ya 1780 na Maumbile ya Fedha

Miongoni mwa sarafu za fedha zinazonunuliwa leo kwa ajili ya akiba au na wakusanyaji, ni chache zinazopotosha kwa tarehe yake kama riale ya Maria Theresa, kwani malkia huyo wa Austria alifariki Novemba 1780, na tangu hapo viwanda mbalimbali vimeendelea kufua sarafu yenye sura yake na mwaka uleule. Wafanyabiashara wa Uhabeshi, Uarabuni na Zanzibar waliizoea kiasi cha kukagua hata vito vya bruchi iliyo begani mwake, hivyo kubadilisha chochote kulikuwa sawa na kuiharibia soko. Mwaka 1935 Italia, ikijiandaa kuivamia Uhabeshi, ilijipatia mihuri ya kufulia sarafu hiyo kutoka Austria, na muda si mrefu Uingereza nayo ikaanza kuifua London.

Riale hiyo ina uzito wa gramu 28.07, na katika kila sehemu 1000 za uzito huo 833 ni fedha, zilizobaki zikiwa shaba. Shaba haikutiwa kwa ubahili tu: fedha tupu ni laini, tabaka za atomi zake huteleza kwa urahisi, ilhali atomi za shaba, ambazo ni ndogo zaidi, huvuruga mpangilio huo na kuufanya mtelezo huo kuwa mgumu, jambo lililoiwezesha sarafu kustahimili mikono na mifuko ya misafara. Silver Eagle ya Marekani, inayofuliwa tangu 1986 kwa fedha ya 999 katika 1000, haihitaji ugumu huo, kwa sababu hukaa kwenye kasha.

Ukweli wa sarafu hupimwa kwanza kwa densiti, yaani uzito uliomo katika ujazo fulani, ambayo kwa fedha tupu ni gramu 10.49 kwa kila sentimita ya ujazo, na kwa riale ni takribani 10.2; hivyo, ikizamishwa majini, riale inapaswa kusukuma maji ya karibu sentimita 2.75 za ujazo. Kipimo hiki hakitoshi, maana mchanganyiko wa risasi na bati unaweza kulingana nacho, lakini mchanganyiko huo haulii kwa mlio mrefu ukigongwa, wala haupitishi joto kama fedha, inayozishinda metali nyingine zote kwa sifa hiyo.

Kwa mwekezaji, riale iliyofuliwa juzi na ya karne ya 18 zina karibu gramu 23.4 za fedha kila moja, basi. Mkusanyaji hutafuta tofauti ndogo za herufi na manyoya ya tai aliyechorwa kwenye riale ili kutambua iliyofuliwa wakati gani, naye hukasirika, kwa haki, anapoikuta imesuguliwa, kwa kuwa weusi uliofunika sarafu ni salfaidi ya fedha, iliyotokana na gesi zenye salfa hewani, na kuusugua huondoa pia metali iliyobeba alama anazozitafuta.