Fiziotherapia kwa Mgonjwa wa Milimani

Mgonjwa wa kiharusi anayeweza kutembea bila kuyumba juu ya sakafu ya wodi huonekana yu tayari kurudi nyumbani. Lakini ikiwa nyumbani kwake ni Mtae, Mlalo au Shume, katika Milima ya Usambara, sakafu hiyo haikumwandaa vya kutosha. Mji wa Lushoto wenyewe uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na njia nyingi za vijiji vyake ni za udongo, zenye miinuko mikali na utelezi wakati wa masika. Asiyefundishwa kupanda na kushuka huogopa kutoka. Akikaa ndani, misuli hudhoofu, viungo hukakamaa, na nafuu aliyoipata hospitalini hupotea.

Kwa hiyo mtaalamu wa fiziotherapia hana budi kumuuliza mgonjwa mapema: njia ya kwako ikoje? Jibu ndilo litakaloelekeza mazoezi.

Mwenye mguu mmoja dhaifu hushika fimbo kwa mkono wa upande wa mguu mzima. Anapopanda, mguu mzima hutangulia, kisha fimbo na mguu dhaifu hufuata. Anaposhuka, fimbo na mguu dhaifu hutangulia. Sababu ni moja: mguu unaobaki upande wa juu ndio unaoinua mwili au kuushusha taratibu, na kazi hiyo yahitaji nguvu. Msaidizi akae upande dhaifu, daima chini kidogo ya mgonjwa: nyuma yake wakati wa kupanda, mbele yake wakati wa kushuka. Mpira wa ncha ya fimbo uliolika ubadilishwe. Likitokea kizunguzungu au maumivu ya kifua, mgonjwa aketi na kutafuta matibabu mara moja.

Utaalamu huu hauko mbali na Usambara. Hospitali ya KCMC mjini Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, ni kituo cha mafunzo ya fiziotherapia. Na hapo hapo kipo chuo cha TATCOT, kilichoanzishwa mwaka 1981, kinachofundisha utengenezaji wa miguu bandia na vifaa vya kutegemeza viungo. Hata hivyo, safari ya kwenda Moshi kila wiki ni mzigo mzito kwa mkulima.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu bilioni 2.4 wana hali za kiafya ambazo huduma za utengamao zingeweza kuwanufaisha. Mwezi Mei 2023, Baraza la Afya Duniani lilipitisha azimio la kuziimarisha huduma hizo, zikiwemo za ngazi ya msingi. Kwa Lushoto, maana yake ni kwamba zahanati iwe na sehemu katika kazi hii. Barua ya kumruhusu mgonjwa itaje mazoezi yake, idadi ya marudio, dalili za hatari, na njia anayopaswa kuimudu. Mhudumu wa zahanati akiipata, ataweza kumsimamia pale pale kwenye mteremko anaoishi.