Kiada na Ziada: Nafasi ya Maktaba ya Shule katika Kukuza Ari ya Kusoma

Utangulizi

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Methali hii hutajwa aghalabu katika mazungumzo ya malezi na nidhamu, lakini inaafiki vilevile suala la usomaji. Mtu aliyezoeana na kitabu akiwa na umri wa miaka minane hahitaji kuhimizwa asome afikapo thelathini. Yule ambaye hakuzoea, hata akihitimu kwa alama za juu, huviaga vitabu siku anapoweka kalamu chini katika mtihani wa mwisho. Malalamiko kwamba Wakenya husoma kwa ajili ya mtihani tu yamesikika kwa miaka mingi, na lawama hutupiwa wanafunzi, runinga na siku hizi simu ya mkononi.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa sehemu kubwa ya tatizo hilo imo katika namna maktaba ya shule inavyoeleweka na kuendeshwa. Hoja inayotetewa ni moja. Ari ya kusoma huzaliwa pale mwanafunzi anapojichagulia kitabu ambacho hatatahiniwa juu yake, akaruhusiwa kwenda nacho nyumbani. Maktaba isiyoruhusu jambo hilo, hata iwe na vitabu elfu moja, ni ghala.

Neno maktaba na ukoo wake

Kiswahili kililipokea neno maktaba kutoka Kiarabu. Mzizi wake, k-t-b, unahusiana na kitendo cha kuandika, na umetupa pia maneno kitabu, katibu, mkataba na mkutubi. Wanafunzi wa isimu wanalifahamu vyema neno kitabu kwa sababu ni mfano maarufu wa utohozi: silabi ki- iliyokuwa sehemu ya neno la Kiarabu ilichukuliwa kana kwamba ni kiambishi cha ngeli ya KI-VI, na wingi wake ukawa vitabu. Wazungumzaji hawakulitunza neno hilo jinsi walivyolipokea. Walilitumia mpaka likawa lao.

Hali ni hiyo hiyo kwa kitabu chenyewe. Huwa mali ya msomaji kwa kutumiwa. Mkutubi mashuhuri wa India, S. R. Ranganathan, alilitilia jambo hili mkazo katika kitabu chake cha mwaka 1931 kuhusu kanuni za taaluma ya ukutubi. Msingi wa mafundisho yake ni kwamba vitabu huwekwa ili vitumiwe, kwamba kila msomaji ana kitabu kinachomfaa, na kwamba kila kitabu kina msomaji wake. Kazi ya mkutubi, kwa mujibu wa mtazamo huo, ni kuwakutanisha wawili hao. Ulinzi wa rafu ni kazi ndogo sana ikilinganishwa na hiyo.

Maktaba nchini Kenya: mapitio mafupi

Mwaka huo huo wa 1931 ndipo maktaba ya McMillan ilipofunguliwa jijini Nairobi. Katika miaka yake ya mwanzo iliwahudumia Wazungu pekee, na hivyo Mwafrika wa wakati huo aliliona jengo lakini hakuviona vitabu. Mwaka 1948 kulianzishwa East African Literature Bureau, asasi iliyochapisha vitabu kwa Kiswahili na lugha nyinginezo za eneo hili na kuendesha huduma za kuazimisha vitabu. Baada ya uhuru, sheria ya Bunge ya mwaka 1965 iliunda bodi ya Huduma za Maktaba za Taifa la Kenya. Katiba ya mwaka 2010 nayo iliziweka maktaba miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti.

Katika historia hiyo, tukio lenye funzo kubwa zaidi kwa shule lilitokea Garissa mwaka 1996. Huduma za Maktaba za Taifa zilipogundua kwamba wafugaji wahamaji hawangeweza kuifuata maktaba mjini, ziliamua maktaba iwafuate wao. Ngamia walibebeshwa masanduku ya vitabu na hema, wakapelekwa mahali penye watoto. Hema lilisimamishwa, mikeka ikatandikwa, vitabu vikapangwa, na watoto wakaazima. Walioanzisha huduma hiyo walifahamu kuwa maktaba si kuta. Ni mkutano wa kitabu na msomaji, na unaweza kufanyika hata chini ya mti.

Mfano huo unazua swali zito. Iwapo kitabu kilisafirishwa kwa ngamia jangwani hadi mikononi mwa mtoto, mbona katika shule nyingine kitabu kimeshindwa kutoka ofisini hadi darasani, mwendo wa hatua ishirini?

Kiada na ziada

Sehemu ya jibu imo katika msamiati wa elimu yenyewe. Vitabu vya shule hugawanywa katika makundi mawili: vya kiada na vya ziada. Kiada ni neno la mpango na utaratibu, na vitabu vya kundi hili hufuata mada za silabasi hatua kwa hatua. Ziada, lenye nasaba na maneno zidi na zaidi, hutumiwa kwa vitabu vya hadithi, mashairi, wasifu na maarifa ya jumla. Kwa bahati mbaya, katika mazungumzo ya kawaida ziada ni kile kilichobaki baada ya mahitaji kutimizwa. Fedha zinapopungua, ziada ndiyo hukatwa kwanza.

Mpango wa elimu ya msingi bila malipo ulioanza Januari 2003 unathibitisha hoja hii. Idadi ya wanafunzi wa shule za msingi ilipanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Serikali ilitenga shilingi 1,020 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, na kati ya hizo shilingi 650 zilikuwa za vifaa vya kufundishia na kujifunzia. Ila fedha hizo ndizo zilizotakiwa kununua vitabu vya kiada, madaftari, penseli, chaki na chati. Mwalimu mkuu aliyekuwa na wanafunzi watatu wanaogombania kitabu kimoja cha Hisabati hangeweza kulaumiwa kwa kutonunua hadithi. Tangu mwaka 2018 serikali ilipoanza kuvipeleka vitabu vya kiada moja kwa moja shuleni, uhaba huo ulipungua kwa kiasi kikubwa. Hata hivyo, kilichopelekwa kwa wingi ni kiada. Kabati la hadithi lilibaki vilevile.

Matokeo yake ni kizazi kinachokijua kitabu kama chombo cha kazi tu. Hali hii hudhihirika zaidi katika shule za upili. Riwaya kama vile Kidagaa Kimemwozea na Chozi la Heri, zilipokuwa vitabu teule vya mtihani, ziliandikiwa miongozo mingi. Wanafunzi si haba waliisoma miongozo hiyo na kukariri maudhui, wahusika na tamathali za usemi bila kuufikia ukurasa wa mwisho wa riwaya yenyewe. Ni sawa na mtu aliyesimuliwa utamu wa pilau akatahiniwa kuhusu viungo vyake, ilhali hajawahi kuionja.

Kinyume cha hayo kilishuhudiwa mjini Eldoret mwaka 2004, wakati Mzee Kimani Maruge alipojiunga na darasa la kwanza akiwa na umri wa miaka 84. Miongoni mwa sababu alizotoa ni kwamba alitaka kujisomea Biblia mwenyewe. Mzee huyo alikuwa tayari na kitabu alichokitamani kabla hajazijua herufi. Tamaa ilitangulia, ujuzi ukafuata. Watoto wengi huanza kwa ujuzi, na tamaa isipate nafasi ya kuzaliwa.

Kufuli la kabati

Katika shule nyingi za msingi za umma, maktaba ni kabati moja lililomo katika ofisi ya mwalimu mkuu au chumba cha walimu, na kabati hilo huwa na kufuli. Si haki kudhani kwamba walimu hufunga kwa ukatili. Vitabu huandikwa katika rejesta ambayo hukaguliwa, na mwanafunzi anayepoteza kitabu hutakiwa kukilipa, jambo ambalo huwaumiza wazazi maskini. Aidha, anayekabidhiwa ufunguo huwa mwalimu mwenye vipindi vyake kamili na rundo la madaftari ya kusahihisha. Mwalimu aliyepokea vitabu 40 kwa sahihi yake, vikabaki 40 mwisho wa mwaka, husifiwa. Aliyeviazimisha vikabaki 36 hutakiwa kujieleza.

Hesabu hiyo yafaa ipigwe upya. Tuchukue darasa la wanafunzi 40 lenye vitabu 40 vya hadithi. Kila mwanafunzi akiazima kitabu kimoja kwa wiki, katika muda wa wiki 10 za muhula vitabu hivyo vitakuwa vimeazimwa mara 400. Vikipotea vinne, kila kilichopotea kitakuwa kimeacha nyuma yake maazimo 100. Upande wa pili, vitabu 40 vilivyofungiwa vitakuwa vimesomwa mara sufuri, na mchwa, vumbi na unyevu haviombi ufunguo. Kitabu kilichochakaa mikononi mwa watoto kimefanya kazi yake. Kitabu kilichozeeka kikiwa kipya ndicho hasara halisi, ingawa rejesta haina safu ya kuiandikia hasara hiyo.

Namna ya kuamsha ari

Hatua zinazohitajika hazitaki jengo jipya. La kwanza ni uhuru wa kuchagua. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa katika madarasa ya chini mwaka 2019, umelitambua hili: katika somo la Kiswahili mna kusoma kwa mapana, ambako mwanafunzi husoma matini ya kujichagulia. Lakini hakuna kujichagulia mahali ambapo kuna kitabu kimoja, au ambapo mwalimu hugawa vitabu kama uji, kila mmoja apokee kinachomfikia. Sanduku lenye vitabu vya aina na viwango mbalimbali, likiwekwa darasani na kufunguliwa kwa siku maalumu, latosha kuanzia. Mwanafunzi aruhusiwe pia kukirudisha kitabu kisichompendeza kabla ya kukimaliza.

La pili ni kutenganisha usomaji huu na adhabu na mtihani. Desturi ya kumdai mwanafunzi muhtasari wa kila kitabu ina nia njema, ila humfanya achague kitabu chembamba kuliko vyote. Mazungumzo yafaa zaidi. Mwanafunzi akipewa dakika tatu awasimulie wenzake hadithi aliyoipenda, kisha akome kabla ya mwisho, kitabu hicho kitagombaniwa siku hiyo hiyo.

La tatu ni sauti ya mwalimu. Jamii zetu zililea fasihi kwa masimulizi, na mtoto aliyeitikia "Pakawa!" jioni alijua kusubiri kisa. Mwalimu anayesoma kurasa mbili kwa sauti mwishoni mwa siku, akakifunga kitabu pale mhusika anapogonga mlango usiojulikana una nani ndani, anaendeleza mapokeo hayo hayo kwa chombo kingine.

La nne ni kuwashirikisha wanafunzi katika uendeshaji. Daftari moja lenye safu za jina, kitabu, tarehe ya kuazima na tarehe ya kurejesha laweza kusimamiwa na wanafunzi wawili wa darasa lenyewe. Wao pia waweza kufundishwa kushona kurasa zilizolegea na kuvika majalada karatasi ngumu. Anayekitengeneza kitabu hakiibi.

La tano, na lenye uzito kwa wapenzi wa Kiswahili, ni lugha ya vitabu vilivyomo. Makabati mengi hujazwa vitabu vya Kiingereza vilivyotolewa msaada kutoka ng'ambo, vinavyosimulia theluji na majumba ya wageni. Visitupwe, kwa kuwa elimu ni bahari. Lakini mtoto anahitaji pia kuusikia ulimwengu wake kwa lugha anayoitumia sokoni na uwanjani. Hazina ipo. Mwanafunzi anayeanza na Hekaya za Abunuwasi kwa ajili ya kicheko, akamfuata Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960) kwa ajili ya upelelezi, atakipokea Siku Njema cha Ken Walibora (1996) bila kusukumwa, na huenda siku moja akaigonga mwenyewe hodi ya Kusadikika (1951) ya Shaaban Robert. Ngazi hiyo haipandwi kwa kuanzia kidato cha juu.

Hitimisho

Imebainika kuwa ari ya kusoma haifundishwi kama sarufi. Huambukizwa, na chombo cha kuambukizia ni kitabu kilicho huru. Neno ziada lina maana mbili: kilichobaki, na kinachoongeza. Shule zimeishi na maana ya kwanza kwa muda mrefu. Maktaba ya shule itatimiza wajibu wake ikishika ya pili.

Serikali ina sehemu yake, ya kutenga fedha za vitabu vya ziada na kuukubali upotevu mdogo kuwa gharama ya usomaji. Wazazi na kamati za shule wana yao. Hata hivyo, wengi wa wanafunzi wa Kiswahili vyuoni wanaelekea kuwa walimu, na kabla ya kuhitimu kila mmoja wao hupelekwa shuleni kwa muhula mmoja wa mazoezi ya kufundisha. Muhula huo ni mfupi mno kubadili mtaala. Unatosha kumwendea mwalimu mkuu kwa adabu, kuuomba ufunguo wa kabati, kuvihesabu vitabu vilivyomo, kufungua daftari la kuazimia, na kumkabidhi mtoto wa kwanza kitabu cha kwanza akaondoka nacho. Anayetaka kuianza kazi hiyo hana budi kuwa yeye mwenyewe amesoma, maana chungu kitupu hakipakuliwi.