Mahindi Machanga: Pima Maji Kabla ya Kupima Nafasi

Mahindi machanga, yale ya urefu wa kidole, huvunwa siku 1 hadi 3 baada ya ndevu kuchomoza, kabla punje hazijaanza kujaa. Hapo ndipo hesabu ya shamba inapobadilika. Mahindi ya unga hupandwa kwa kuachana nafasi kubwa kwa sababu kila mmea una kazi nzito ya kujaza punje. Machanga hayana kazi hiyo, kwa hiyo eneo lile lile hubeba mimea mingi zaidi.

Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, mmea mmoja kila shimo, ekari hubeba mimea karibu 18,000. Kwa 60 kwa 20 hufika karibu 33,700. Kila mmea utatoa magunzi machache kidogo, ila jumla ya ekari hupanda, na mnunuzi hahitaji gunzi nene. Ukibananisha kupita hapo, mimea hugombea mwanga, hurefuka na kukonda, huangushwa na upepo, na mingine haibebi kabisa.

Je, mimea ikikaribia maradufu, maji nayo yaongezwe hivyo? Hapana. Majani yakishafunika ardhi, jua, joto na upepo ndivyo huamua maji yatakayotumika. Siku ya jua kali shamba laweza kutumia milimita 5, yaani lita 5 kwa kila mita ya mraba, sawa na lita 20,000 hivi kwa ekari. Kinachopungua ni fungu la kila mmea: kutoka lita 1.1 hadi 0.6, pamoja na akiba yake udongoni. Zamu ya maji ikirukwa, shamba lililobanana ndilo huumia mapema.

Wakati mbaya zaidi wa kurukwa ni wiki mbili kabla ya ndevu kutoka. Kiu hapo huchelewesha ndevu na kudumaza magunzi; mimea hukomaa kwa nyakati tofauti, na mvunaji hulazimika kuzunguka shamba zima kutafuta machache yaliyo tayari. Maji yakituama nayo huinyima mizizi hewa.

Basi kabla ya kufunga kamba ya kupandia, uliza zamu yako ya mfereji ni ya uhakika kiasi gani. Mwenye umwagiliaji wa matone au kisima cha kutegemewa abane hadi 60 kwa 20. Anayesubiri zamu isiyotabirika apande 75 kwa 25, avune machache yaliyo sawa.