Upupu na Ugonjwa wa Parkinson

Aliyewahi kuguswa na upupu hahitaji kuelezwa habari zake. Hata hivyo, ndani ya maganda yale yenye vinyweleo vya kuwasha mna mbegu zenye levodopa, kemikali ithaminiwayo sana na matabibu wa ubongo.

Mgonjwa wa Parkinson hutetemeka mkono hata akiwa ameupumzisha, viungo hukakamaa na hatua hufupika. Chanzo ni kufa kwa seli za ubongo zitengenezazo dopamini, kemikali ya kupeleka ujumbe unaoongoza mwendo. Kwa nini basi asipewe dopamini yenyewe? Kwa sababu kuta za mishipa ya damu ya ubongo haziipitishi. Levodopa hupita, na ikiisha kuingia hugeuzwa kuwa dopamini.

Sungura ndio waliotoa ushahidi wa kwanza. Mwaka 1957, nchini Sweden, Arvid Carlsson na wenzake waliwapa sungura reserpini, dawa itokanayo na mmea wa Rauvolfia. Sungura wakalala kama magogo, masikio yamelegea. Walipodungwa dopa, wakaamka wakatembea.

Siku hizi hutumiwa zaidi panya ambaye seli zake za dopamini zimeuawa kwa sumu upande mmoja tu wa ubongo. Akipewa levodopa huzunguka kuelekea upande mmoja, na mtafiti huhesabu mizunguko. Mbegu za upupu zilipopimwa hivyo katika miaka ya 1990, panya walizunguka zaidi kuliko waliopewa levodopa tupu ya kiasi kilekile. Yawezekana mbegu ina visaidizi vingine.

Lakini mizunguko hiyo haithibitishi kwamba seli zilizokufa zimefufuka. Majaribio mengine husifu mmea kwa kuzikinga seli, kumbe panya alinyweshwa dawa kabla ya sumu. Mgonjwa huja hospitali seli nyingi zikiwa zimekwisha kufa.

Kwa wasiomudu bei ya vidonge, upupu ungekuwa nafuu kubwa. Huko Bolivia unga wake uliwasaidia wagonjwa kutembea, lakini katika jaribio la wiki kadhaa lililochapishwa mwaka 2018, nusu ya wagonjwa 14 waliuacha, baadhi kwa maradhi ya tumbo. Tena kiasi cha levodopa hutofautiana kati ya mbegu na mbegu, hivyo anayejipimia nyumbani hajui amekunywa dawa kiasi gani.