Mbwa Hutii kwa Hofu au kwa Imani?



Mbwa ni mlinzi wa kwanza wa nyumba zetu nyingi. Hubweka kabla jirani hajaamka. Lakini mbwa huyo huyo, akifunzwa vibaya, humuuma mtoto wa jirani, na ugomvi wa mbwa hugeuka kuwa ugomvi wa watu. Kwa sababu hiyo tumeona vyema kueleza mjadala uliodumu miaka mingi nchini Marekani juu ya mfunza mbwa mashuhuri, Cesar Millan.

Millan alizaliwa mwaka 1969 katika jimbo la Sinaloa, Meksiko, na utotoni alizoea mbwa wa shambani kwa babu yake. Alipokuwa kijana wa miaka 21 hivi alivuka mpaka na kuingia Marekani bila hati wala Kiingereza, akapata kazi ya kuosha na kunyoa mbwa mjini San Diego. Kuanzia 2004 hadi 2012 kipindi chake cha televisheni, Dog Whisperer, kilimpa sifa duniani. Mwaka 2009 alipata uraia wa Marekani.

Mjadala una pande mbili. Upande wa kwanza ni asili yake. Wapo wanaouliza: mtu asiyesomea tabia za wanyama atawafundishaje wengine? Wengine hujibu kwamba uzoefu nao ni shule. Sisi twaona kwamba kukosa cheti si kosa. Wafugaji wetu wengi huwajua ng'ombe wao bila kupitia darasani. Lakini umaarufu nao si ushahidi. Swali la haki si kwamba mtu ametoka wapi, bali matendo yake huzaa nini.

Upande wa pili, ulio mzito zaidi, ni njia zake. Millan hufundisha kwamba mwenye mbwa sharti awe kiongozi wa kundi, na mbwa amnyenyekee. Fikra hiyo ilipata nguvu kutokana na uchunguzi wa mbwamwitu waliofungiwa, uliochapishwa na Rudolph Schenkel mwaka 1947. Mtaalamu David Mech aliieneza katika kitabu chake cha 1970, kisha mwaka 1999 akaandika kwamba kundi la mbwamwitu wa porini kwa kawaida ni familia: baba, mama na watoto wao. Hapo msingi ule ukatikisika.

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walitoa matokeo ya maswali waliyowauliza wenye mbwa. Miongoni mwa waliowahi kuwapiga mbwa wao au kuwapiga teke, asilimia 43 walisema mbwa alijibu kwa ukali. Kwa waliowalaza chali kwa nguvu, ilikuwa asilimia 31. Maana yake ni nyepesi: mabavu huweza kuzaa meno.

Haki yataka tuseme pia yaliyo mema. Millan amesisitiza mazoezi, matembezi na utulivu wa mwenye mbwa, na wengi wamefaidika. Mwaka 2016 alichunguzwa huko Los Angeles baada ya mbwa kumjeruhi nguruwe katika kipindi chake, wala hakushtakiwa. Kuchunguzwa si kutiwa hatiani; kanuni hiyo twaiheshimu kwa kila mtu, mwenyeji au mgeni.

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Mfunze mbwa angali mdogo, mtuze anapotii, wala usimpige ili awe mkali. Mbwa aliyezoea kipigo hamtofautishi mwizi na mtoto aliyefuata mpira wake. Mpeleke achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa kila inapotakiwa, maana ugonjwa huo hautambui mpaka.

Mtu akiumwa, oshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya mara moja kupata chanjo, hata kama jeraha ni dogo. Dalili zikishaonekana, ugonjwa huo huua karibu kila anayeupata. Mjulishe mwenye mbwa na viongozi wa mtaa kwa maneno ya amani, wala msijichukulie sheria mkononi.

Mbwa anayekuamini atakulinda. Anayekuhofu atasubiri siku utakapogeuka.