Mtekenyo wa Umeme ni Dalili: Waya wa Ardhi katika Mashine za Michezo Zinazoundwa Nyumbani

Mashine za michezo ya video zinazosimama wima, zenye kioo, vitufe na mkono wa kuchezea, zilienea katika kumbi za burudani za Marekani baada ya kampuni ya Atari kutoa mchezo wa Pong mwaka 1972. Kumbi nyingi za aina hiyo zimekwisha kufungwa, lakini wapenzi wa michezo hiyo huunda mashine zao wenyewe nyumbani: sanduku la mbao, kompyuta ndogo, kioo, spika na pawa saplai. Ni kazi njema ya mikono, na mara nyingi anayeitumia zaidi ni mtoto. Hapo ndipo suala hili linapoingia katika afya ya jamii.

Jinsi umeme unavyodhuru mwili

Madhara ya umeme hutegemea kiasi cha mkondo unaopita mwilini, njia unayopita na muda unaodumu. Kwa umeme wa majumbani, mkondo wa takriban miliampia 1 huhisiwa kama mtekenyo. Ukikaribia miliampia 10, misuli ya mkono hukaza na mtu aweza kushindwa kuachia alichoshika. Kwa mtoto hali hiyo huanza mapema zaidi. Makumi ya miliampia yakipita kifuani kwa sekunde moja au zaidi, moyo waweza kupapatika badala ya kusukuma damu.

Tumtazame sasa mchezaji. Mikono yake imelowa jasho na iko juu ya bamba la vitufe. Miguu ni peku juu ya sakafu ya saruji. Iwapo bamba hilo ni la chuma na limeguswa na waya wenye volti 230, na ukinzani wa mwili wake ni omu 2,000, mkondo utakaopita mikononi hadi miguuni, kupitia kifuani, ni miliampia 115. Kiasi hicho chatosha kuua.

Fyuzi haimlindi mchezaji

Wengi hudhani kwamba sanduku la mbao na fyuzi katika plagi vinatosha. Mbao kavu haipitishi umeme kwa urahisi, lakini bamba la vitufe, mlango wa sarafu, skrubu na kasha la pawa saplai ni chuma. Fyuzi ya ampia 13 nayo ipo kulinda nyaya zisiungue: huruhusu mkondo unaozidi mara 400 ule wa miliampia 30 ambao tayari ni hatari kwa moyo.

Kinachobadili hali ni waya wa ardhi, wenye rangi ya kijani na njano. Ukiwa umeunganishwa na kila sehemu ya chuma inayoweza kuguswa, waya wa moto unapogusa chuma mkondo mkubwa hukimbilia ardhini mara moja, fyuzi hukatika au swichi kuu hujizima, kabla mkono haujafika. Pasipo waya huo chuma hubaki na umeme, kimya, kikimsubiri mtu.

Kuna desturi mitaani ya kuchokoa tundu la juu la soketi kwa kalamu ili plagi ya pini mbili iingie. Tundu hilo ndilo la ardhi. Mashine yenye sehemu za chuma ikiunganishwa kwa njia hiyo, imenyimwa kinga yake.

Mtekenyo usipuuzwe

Pawa saplai nyingi za kompyuta, zisipopata waya wa ardhi, huacha kasha lake likiwa na umeme mdogo unaovuja kupitia vichujio vya ndani. Mguso wake hutekenya tu. Hata hivyo, kama homa ilivyo kwa tabibu, mtekenyo huo ni dalili: waeleza kwamba ardhi haipo. Zima mashine, chomoa plagi, mwite fundi umeme.

Umeme tuli

Mtu akitembea juu ya zulia katika hewa kavu, mwili wake hukusanya umeme tuli. Cheche anayoihisi huwa imefikia takriban volti 3,000, nayo haimdhuru kwa kuwa hudumu kitambo kidogo mno. Lakini vipande vya elektroniki vyaweza kuharibika kwa volti zisizofika 100, ambazo mtu hazihisi kabisa. Ndiyo maana mashine huweza kujizima na kuwaka upya inapoguswa. Waya uleule wa ardhi kwenye bamba la vitufe huipa cheche hiyo njia salama.

Fundi naye huvaa bangili ya kuondoa umeme tuli. Bangili halisi ina kizuizi cha omu 1,000,000, hivyo hata volti 230 zikimfikia, mkondo hauzidi miliampia 0.23. Anayejifunga waya mtupu mkononi amejigeuza njia nyepesi ya umeme. Tena, bangili haivaliwi wakati wa kufungua runinga ya chogo: ndani yake mna volti zaidi ya 20,000, zinazoweza kubaki hata baada ya kuchomolewa.

Mambo ya kuzingatia

- Tumia plagi ya pini tatu, na fundi apime kama ardhi ya nyumba inafanya kazi.
- Unganisha kila sehemu ya chuma inayoguswa na waya wa ardhi.
- Funga swichi inayokata umeme unaovuja, ya miliampia 30.
- Chomoa plagi kabla ya kufungua mashine.

Mtu akinaswa, usimguse. Zima umeme kwanza. Akiwa hajitambui na hapumui kawaida, ita msaada na umkandamize katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kukoma hadi msaada ufike. Aliyezimia, aliyeungua au anayehisi moyo kwenda mbio apelekwe hospitali hata kama anaonekana mzima, kwani jeraha la umeme laweza kuwa dogo juu ya ngozi na kubwa ndani ya misuli.

Gharama ya mita chache za waya ni ndogo. Mzazi anayemjengea mwanawe mashine ya michezo na aanze na waya huo, kisha rangi na picha zifuate.